Sumaku ya gololi, mchanga mweusi na asili ya uhai: wajuzi wa kemia na wa mawe njooni huku

FundiGololi
Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye boksi langu sikosi sumaku ya spika iliyokufa, maana gololi zikidondoka vumbini bila sumaku utaokota mpaka adhana ya Magharibi. Mwezi uliopita mteja kanipigia, baiskeli imemkwamia barabara ya Pangani, karibu kabisa na bahari. Nikafungua ekseli ya nyuma, gololi zote hizoo, mchangani. Nikatoa sumaku, nikaipitisha taratibu. Gololi nilizipata zote isipokuwa moja, lakini sumaku ikatoka imeota ndevu. Ndevu nyeusi, fupi, zimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Ukipuliza hazitoki. Ukizifuta kwa kidole zinahamia upande wa pili.

Nikarudi nazo. Mpwa wangu yuko kidato cha sita, anachukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Akatazama mara moja akasema, "Mjomba, hiyo magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Kuna wanasayansi wanasema huenda bila hiyo mimi na wewe tusingekuwepo."

Nikamwambia akae, asiondoke mpaka anieleze. Alianza na maneno ya darasani nikatoka kapa. Ila aliposema "ni suala la kushoto na kulia, mjomba", hapo nikashika, kwa sababu mimi kushoto na kulia nimekula navyo adhabu.

Asiyejua ajue: pedali mbili za baiskeli zinafanana kama mapacha, lakini meno yake yamekatwa kinyume. Ya kulia inakazwa kama skrubu yoyote. Ya kushoto inakazwa upande wa pili, ili mwendo wa mguu usije ukaifungua njiani. Siku yangu ya tatu ya uanagenzi niliing'ang'ania pedali ya kushoto, nikatia spana, nikaongeza bomba, najua nafungua kumbe nakaza, mpaka meno ya kranki yakalika yote. Mzee aliyenifundisha kazi hakunitukana. Aliifunga ile kranki kwa kamba akanivisha shingoni, nikashinda nayo mpaka saa kumi na moja jioni. Wateja wanapita wanauliza, "Leo una medali?"

Sasa molekuli za uhai nazo ziko hivyohivyo. Asidi amino, yale matofali ya protini, karibu zote zinaweza kuwa na sura mbili: ya kushoto na ya kulia, atomu zilezile, kama viganja viwili. Ukizipika maabara kwa njia ya kawaida unapata nusu kwa nusu. Lakini protini za mwili wako, za mchicha, za papa na za bakteria zimejengwa kwa zile za kushoto. Na sukari iliyo ndani ya RNA na DNA, ile minyororo inayobeba maelezo ya urithi, ni ya kulia. Dunia nzima! Kama vile uingie gereji zote kuanzia hapa mpaka China ukute pedali za kushoto tupu.

Swali langu: nani alichagua? Na huu mchanga unaingiaje?

MtuWaMakorora
Kwa hiyo kuku niliyekula jana ni mjukuu wa gololi. Endeleeni, nipo hapa na kahawa na kashata.

MpwaWaFundi
Mjomba umesahau kusema kwamba ile kranki ungali nayo, umeitundika ukutani.

Wakuu, naomba nieleze nilivyosoma. Mtu wa kwanza kuiona hii kushoto na kulia kwa macho yake ni Louis Pasteur, Ufaransa, mwaka 1848, akiwa na miaka 25. Alikuwa anachunguza chumvi za asidi tatariki, asidi ileile inayoufanya ukwaju ukakamize meno. Akakuta aina moja ya chumvi ile fuwele zake (vipande vilivyoganda kwa umbo maalumu) ziko namna mbili, moja ni taswira ya nyenzake kwenye kioo. Akazitenga kwa kibano, moja moja, huku anachungulia kwenye hadubini. Akayeyusha kila rundo peke yake, akapitisha mwanga maalumu. Rundo moja liliupindisha mwanga kulia, jingine kushoto. Asidi ya ukwaju ni ya upande mmoja tu, kwa sababu imetengenezwa na kitu chenye uhai.

BintiChumvi
Naomba kuuliza kama mtu wa jikoni: mwili una haja gani na kushoto na kulia, kama atomu ni zilezile?

MpwaWaFundi
Dada, nusa nanaa, halafu nusa kisibiti. Aina ya nanaa wanayotilia bazoka na dawa ya meno harufu yake kubwa inatokana na molekuli iitwayo karvoni. Harufu ya kisibiti nayo ni karvoni hiyohiyo, ila ya mkono wa pili. Pua yako imejengwa kwa vipande vyenye mkono mmoja, kwa hiyo inazitofautisha kama mguu unavyojua ndara iliyovaliwa kinyume.

Na kwenye kujenga ndiyo balaa zaidi. Mnyororo wa RNA ukichanganya sukari za kushoto na za kulia, kunakili kunakwama. Kipande cha mkono mbaya kikiingia kinaziba njia. Ndiyo maana watafiti wengi wanaona kwamba uchaguzi ulitokea mapema sana, labda kabla ya chembe hai ya kwanza.

JiweNaNyundo
Mimi nimefanya kazi ya mawe miaka mingi, nimeshazunguka pwani hii kuanzia Mkinga mpaka Bagamoyo. Kwanza nimsahihishe fundi kidogo, maana watu watakimbilia baharini na sumaku.

Mchanga mweusi wa pwani yetu si magnetaiti tupu. Ni mchanganyiko. Kuna ilmenaiti, ambayo ina titani ndani yake, kuna zikoni, rutile, na ile ya rangi ya damu ya mzee ni ganeti. Iliyorukia sumaku yako ya spika bila kubembelezwa ndiyo magnetaiti. Ilmenaiti inahitaji sumaku kali zaidi. Na kutu nyekundu ya kawaida haivutiki kwa sumaku ya namna hiyo, ingawa nayo ni chuma na oksijeni.

Vitu hivi vimetoka bara, kwenye miamba ya kale ya huko Usambara na nyuma yake. Mvua imemomonyoa, mito kama Sigi na Pangani imebeba, bahari imepokea. Halafu mawimbi yanafanya kazi ya ungo. Mchanga mweupe wa kwazi una uzito wa gramu 2.65 kwa kila sentimita moja ya ujazo, magnetaiti ina kama 5.2. Wimbi linarudi na chepesi, zito linabaki. Kusi ikivuma sana siku mbili tatu, kesho yake asubuhi tembea ufukweni utaona michirizi myeusi imepangwa kama mistari ya kanga. Hapo bahari imepepeta.

Na kichekesho: hiyo sumaku yako nyeusi ya spika yenyewe imetengenezwa kwa unga wa oksidi ya chuma, ukachanganywa na kemikali ya bari au stronti na kuchomwa. Kwa hiyo ulikuwa unamtuma ndugu akamwite ndugu.

FundiGololi
Hahaa, mkuu JiweNaNyundo umeniua. Nimeelewa. Sasa nani alichagua?

JiweNaNyundo
Hapo ndipo kuna kazi iliyotoka mwaka 2023, ya S. Furkan Ozturk na Dimitar Sasselov wa Harvard wakishirikiana na kundi la John Sutherland la Cambridge. Sutherland ni yule ambaye mwaka 2009, yeye na wenzake, walionyesha njia ya kutengeneza vipande vya RNA kutoka kwenye kemikali sahili zinazodhaniwa zilikuwepo duniani zamani. Kwenye kemia ya namna hiyo kuna molekuli moja inaitwa ribo-aminooksazolini. Tuiite RAO tusichoke.

RAO ina tabia nzuri: ikiganda kuwa fuwele, za kushoto hukaa na za kushoto, za kulia na za kulia. Kama kina mama na kina baba kwenye maulidi.

Wao walichukua maji yenye RAO nusu kwa nusu, wakayaweka juu ya uso wa magnetaiti iliyotiwa usumaku, wakaacha fuwele zishike. Fuwele za kwanza zikatoka zimeegemea upande mmoja kwa asilimia 60 hivi. Wakaziyeyusha, wakazigandisha tena juu ya magnetaiti. Mara ya pili zikatoka za mkono mmoja tupu. Wakigeuza ncha za sumaku, mkono unageuka.

Kwa nini? Elektroni ina kitu kinaitwa spini, ichukulie kama ina kaskazini yake na kusini yake. Molekuli yenye mkono ni kama skrubu: elektroni za spini moja hupita ndani yake kwa urahisi kuliko za spini ya pili. Hilo lilionyeshwa mwaka 1999 na Ron Naaman wa Taasisi ya Weizmann, Israel, na wenzake. Sasa kwenye uso wa sumaku, spini nyingi zimeelekea upande mmoja. Molekuli ikija na mkono unaoafikiana inashika vizuri. Yenye mkono wa pili inashika kwa shida.

Fundi, ni ile pedali yako na kranki yako. Kranki ikishakatwa meno ya kushoto, pedali ya kulia utalia nayo mchana kutwa.

BintiChumvi
Hii ya fuwele naiafiki kwa macho yangu. Nimekulia kwenye mashamba ya chumvi, babu yangu alikuwa nayo huko upande wa Mkinga. Watu wanafikiri chumvi inashika tu popote maji yakikauka. Hapana. Maji yakishakuwa mazito, yanang'aa kama mafuta, chumvi huanzia pale penye kitu: kijiti kimedondoka, kingo ya tope, jiwe, hata unyoya wa ndege. Unaona vipande vidogo vya pembe nne vimejipanga kwenye kijiti, na katikati maji bado maji. Babu alikuwa akitaka kujua kama chumvi iko tayari anachomeka kijiti, anakwenda kusali, akirudi anakitazama.

Kwa hiyo mkisema uso wa chini ndio unaoamua kipi kishike kwanza, mimi sina ubishi.

JiweNaNyundo
BintiChumvi, umesema jambo ambalo hao watu wa Harvard wanalitegemea kabisa. Picha yao si ya bahari kuu. Ni kiziwa kinachojaa na kukauka, chini yake kuna mashapo yenye magnetaiti. Shamba la chumvi la mamilioni ya karne, bila mwenye shamba.

Mkanushi
Wakuu mmelewa haraka. Mimi natia maji.

Moja, pale maabara waliweka sumaku kali. Uga wa dunia, yaani nguvu yake ya sumaku, ni mikrotesla kati ya 25 na 65 tu, ile sumaku ya fundi inaushinda mara mamia. Kiziwa cha kale kingeipata wapi sumaku ya maabara?

Mbili, sumaku ina ncha mbili. Kaskazini ya dunia uga unaingia ardhini, kusini unatoka. Basi viziwa vya huku vingechagua mkono mmoja na vya Ulaya mkono wa pili. Mbona mchicha wa Tanga na kabichi la Ujerumani vina mkono mmoja?

Tatu, mnasahau kimondo. Tarehe 28 Septemba 1969 kilianguka kimondo Murchison, Australia. Ndani yake kuna asidi amino, na baadhi yake za kushoto zimezidi kwa asilimia kadhaa. Huko angani hakuna mchanga wa Pangani. Huenda upendeleo ulishushwa tayari kutoka juu.

MpwaWaFundi
Naomba nijibu la kwanza. Kundi lilelile lilitoa kazi nyingine mwaka huohuo wa 2023, safari hii wakaangalia kinyume chake: fuwele za RAO za mkono mmoja zinaifanya nini magnetaiti. Wakakuta zinaitia usumaku. Zikikaa juu yake, spini zilizo chini yake zinajipanga, na hazirudi nyuma kirahisi. Kwa hiyo wanapendekeza hivi: uga dhaifu wa dunia unaegemeza kidogo tu, fuwele chache zinashika, zenyewe zinaikaza sumaku ya pale chini, inavuta nyingine za mkono wao. Kitu kinajikuza chenyewe.

La pili, ndiyo, wao wanakubali kabisa kwamba nusu mbili za dunia zingechagua mikono tofauti. Kiziwa kimoja kilishinda, au kilitangulia, na watoto wake wakala kila kitu.

Mkanushi
"Wakala kila kitu" ndilo jibu la kila asiye na jibu. Lakini hiyo ya kujikuza nimeipenda.

Ongezeni na hili: RNA ikishapata mkono, lazima iugawie protini. Mwaka 2024 watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha kule Los Angeles, walipima vipande vya RNA vinavyoweza kujibandika asidi amino, wakakuta vingine vinapendelea kushoto, vingine kulia. Yaani RNA ya kulia haikulazimisha protini za kushoto. Mnyororo wenu una pete iliyolegea hapo.

JiweNaNyundo
Kweli imelegea. Simbishii.

Ila magnetaiti isihukumiwe kwa kesi moja. Ina kesi ya pili ambayo mimi naiona nzito zaidi, nayo haihusu mikono. Ni ushenga.

Chini ya bahari kuna miamba yenye olivini, madini ya kijani yenye chuma ndani. Maji yakiingia humo, chuma cha ndani kinabadilika, mwamba unageuka jiwe la kijani lenye mabaka kama ngozi ya nyoka, magnetaiti inazaliwa na haidrojeni inatoka. Mwaka 2000 watafiti waligundua mahali pa namna hiyo kwenye Atlantiki, wakapaita Lost City: minara ya mawe meupe, mingine ina urefu wa mita 60, inatoa maji ya moto yasiyofika kuchemka.

Haidrojeni na kaboni dioksaidi ukiwaweka pamoja kwenye maji hawasemezani. Wanakaa kama wachumba wenye haya. Mwaka 2020 Martina Preiner, William Martin na wenzao waliweka madini matatu kila moja peke yake: magnetaiti, greigaiti ambayo ni chuma na salfa, na awaruaiti ambayo ni nikeli na chuma. Nyuzi joto 100, maji yenye ubesi (kinyume cha asidi), gesi zimeshindiliwa. Wakaacha. Wakakuta asidi fomiki, ile ya kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi. Wakakuta asetati, ambayo inatokana na asidi ya kwenye siki. Na piruvati, ambayo kijana wetu wa PCB anaikariri kila siku kwenye mlolongo wa kuvunja glukosi. Hakuna kimeng'enya (kile kichochezi cha mwilini), hakuna kiumbe. Madini tu yamesimama katikati, yakapeleka barua, yakaleta jibu.

Na madini yote matatu yanavutwa na sumaku. Watu wanaulizana kama hiyo ni bahati tu.

FundiGololi
Hii ya salfa imenikumbusha. Kule Amboni kwenye chemchemi za Galanos, maji moto yananuka mayai viza, wazee wanakwenda kuogea ngozi. Ni mambo hayohayo?

JiweNaNyundo
Harufu ndiyo hiyohiyo, salfa na haidrojeni. Usiseme uhai ulianzia Galanos, nitakukana hadharani. Lakini kuna Mjerumani, Günter Wächtershäuser, mwanasheria wa hataza (haki za uvumbuzi) wa Munich aliyesomea kemia, mwaka 1988 alianza kuandika kwamba uhai ulianzia juu ya uso wa madini ya chuma na salfa, gesi kama hizo zikipita. Mpaka leo ndani ya vimeng'enya vya zamani kabisa vya bakteria kuna vifundo vya chuma na salfa, kama vipande vya jiwe vilivyosahauliwa ndani ya nyumba baada ya ujenzi kwisha.

MtuWaMakorora
Mwanasheria kaamua kesi ya uhai. Kahawa imekwisha, naongeza.

MzeeWaMwanzange
Vijana, nimesoma mwanzo mpaka hapa. Mimi niliyelelewa chuoni najua tumeumbwa kwa udongo, na chuma kina sura yake nzima. Msije mkasema jiwe limeumba.

FundiGololi
Shikamoo mzee wangu. Hakuna aliyesema jiwe limeumba. Sisi tunauliza udongo gani, na ulikuwa na nini ndani yake. Mwenye udongo tumemwachia nafasi yake.

MzeeWaMwanzange
Marahaba. Hapo sawa. Na mie nipitishieni hiyo sumaku, nyumbani kuna sindano ya bibi yenu imepotea kwenye mkeka.

MpwaWaFundi
Mzee, hata viumbe wenyewe wanaijua hiyo sumaku. Mwaka 1975 Richard Blakemore alieleza bakteria wa kwenye matope ya pwani ya Massachusetts wanaotengeneza vipande vya magnetaiti ndani ya mwili, wakavipanga mstari kama dira. Wanafuata mistari ya uga kushuka kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Wa kaskazini wengi huelekea kaskazini, wa kusini huelekea kusini. Wanapatikana matope mengi duniani, kwa hiyo nawaza matope ya mikoko yetu hapa nayo tuyatazame kwa hadubini ya shule, mwalimu akikubali.

FundiGololi
Wakuu nirudi na ripoti. Juzi nilishindwa kuvumilia. Nimechukua sahani mbili za maji ya chumvi, moja nimeweka sumaku chini, moja bila. Nikaziweka juu ya bati siku tatu. Zote zimetoa chumvi, na kwa macho yangu sioni tofauti.

JiweNaNyundo
Fundi, chumvi ya jikoni haina mkono. Ni kama gololi, uigeuze uwezavyo ni ileile. Umejaribu kuifungia gololi meno ya kushoto.

FundiGololi
Basi nimechoma mafuta ya pikipiki kwenda kuchota maji bure. Sawa. Shida yangu ya sasa ni nyingine: sumaku haisafishiki. Nimesugua kwa brashi, kwa petroli, kwa mkate. Kila gololi ninayookota inatoka na ndevu, nikiipaka grisi inakwenda kusaga ekseli ya mtu.

BintiChumvi
Ungeifunga kwanza kwenye mfuko wa rambo, ukimaliza unavua mfuko, ndevu zinadondoka zenyewe.

FundiGololi
Dada, rambo ipi? Si imepigwa marufuku tangu 2019?

MtuWaMakorora
Tumia soksi. Moja tu. Ya kushoto.